Sababu Niliyoiandika kwenye Notisi

Mwanangu, kabla hujaitia sahihi notisi ya mpangaji wako, kaa kwanza nikwambie yangu. Bado naikumbuka siku niliyosimama mbele ya baraza la kesi za wapangaji, nimeshaapa kwa msahafu kusema kweli, na nilichokwenda nacho ni uongo.

Nilikuwa msichana, nyumba ya mtaa wa Shika Adabu nimeachiwa na marehemu baba. Chini mpangaji wetu, Mutua, alikuwa na hoteli yake. Juu tukikaa mimi na mama, naye mama ana pumu. Mutua akahamishia jiko la kuni nyuma, chini ya dirisha la mama, bila ya kuniuliza. Moshi ukamtesa mama hata nikampeleka kwa dada yake huko Jomvu Kuu.

Kumwambia Mutua niliona haya. Alikuwa mtu mzima, na kila asubuhi alikuwa akimletea mama uji. Sisi tulivyolelewa, mtu hamkabili mkubwa wake na kosa lake. Nikaona nimtoe kwa adabu. Mkataba ulipokaribia kwisha nikamwandikia kwamba simwongezei, nataka kufungua duka langu mwenyewe. Akapinga. Miezi minane tukangoja kesi.

"Utauza nini?" mwenyekiti aliniuliza.

"Nguo."

"Leseni umeomba? Mzigo utautoa kwa nani?"

Mutua alikuwa akinitazama, na hoteli ile ndiyo iliyokuwa ikiwalisha wanawe. Nikalia pale pale, nikasema yote, ya moshi na ya mama.

Mwenyekiti akaikataa notisi. "Mkataba wenu wakataza kuhamisha jiko bila ruhusa," akasema. "Hiyo ni sababu, na sheria yaikubali. Mbona hukuiandika?"

Tulipotoka nje Mutua akanambia, "Rehema, si ungeniambia tu? Jiko lenyewe ni mawe matatu tu."

Kabla ya magharibi alikuwa ameshaliondoa. Mama akarudi kesho yake, akaishi wiki sita, akafariki. Ile miezi minane nyumbani kwake nilimnyima mimi, wala si moshi.

Basi mwanangu, una haki ya kumkatalia mpangaji, ikiwa wataka chumba kwa kazi yako, au wataka kubomoa ujenge, au amevunja mkataba. Lakini mfuate kwanza, umwambie kosa lake kwa upole. Akikaidi, andika sababu hiyo hiyo, usiipambe.

Mola akupe ulimi mpole usioficha, na akuwekee mamako nyumbani kwake.