Udongo Ulioinywa Rangi

Sijamsamehe yule mtia rangi, na siandiki haya ili nionekane nimemsamehe. Mchungaji wetu aliwahi kuniuliza habari hiyo, nikamjibu kwamba Mungu akitaka kumsamehe hanihitaji mimi.

Kwetu ni upande wa Kamachumu, kwenye mteremko wa migomba na kahawa, na chini yake kulikuwa na chemchemi tuliyochota sote. Ilikuwa wakati wa Mwingereza, baada ya vita vya Hitla. Tata, baba yangu, alikuwa amekwisha kufa, tukabaki mimi na mama katika kibanja chetu, shamba letu la nyumbani. Nilikuwa msichana mkubwa, nimepata kipaimara zamani, na majirani walianza kuuliza kwa nini bado niko nyumbani.

Mtu huyo alitoka Bukoba mjini, alikojifunza kutia rangi ukindu wa kusukia mikeka. Alipata shamba juu ya chemchemi yetu, akapanga mapipa yake juu ya mafiga, akaanza kuchemsha. Alitumia rangi ya unga, ile ya zambarau ambayo chembe ikidondokea kidole haitoki mpaka ngozi ibambuke. Ukindu wake ulipendwa. Wasusi walitoka mbali, hata Muleba, kuufuata, na mwingine ulipelekwa Kemondo kupakiwa melini. Akimaliza kazi, alipindua mapipa mtaroni, na mtaro ulishuka moja kwa moja hadi kwenye maji yetu.

Maji yakageuka zambarau. Ndizi tulizopika kwa maji hayo zikaiva na rangi ya jeraha la zamani. Wanawake tukamwendea kwa pamoja, na mama ndiye aliyesema, akimwita waitu, neno letu la heshima.

"Waitu, tunakuomba. Chimba shimo umwage huko. Sisi tunakunywa pale chini."

Akacheka huku akikoroga pipa. "Mama, huko mjini watu wanaihangaikia rangi hii. Wewe unaletewa mpaka mlangoni, bado unanuna?"

Tukaenda kwa mkungu, mkuu wa kijiji chetu. Tulimkuta amekalia mkeka mpya wa zambarau. Akatuambia maji ni ya Mungu, na Mungu hajaleta malalamiko.

Jumamosi moja nilipeleka kahawa Kamachumu. Mama alitaka kufua gauni lake jeupe, maana kesho yake kulikuwa na Meza ya Bwana, na kwa maji yale gauni lingeharibika. Hakunisubiri. Alibeba mtungi akaenda kijito cha ng'ambo ya kilima, njia ya mawe yenye utelezi. Waliomkuta walimleta kwa machela, nyonga imevunjika. Mama yangu hakusimama tena.

Nikawa siwezi kumwacha peke yake niende mbali kutafuta maji. Nilichota yale yale ya zambarau, nikamwogesha nayo, na shuka zake zikawa na madoa kama za mtu aliyepigwa. Asubuhi moja nilikuwa nakandika jiko kwa udongo wa bondeni, ule wa kijivu unaonata, ambao wafinyanzi huuchimba kando ya matete. Donge likaponyoka likaangukia ndoo ya maji. Nilikuwa nimechoka, sikulitoa. Niliporudi mchana nikakuta maji yamepauka na donge limekuwa zambarau iliyokolea.

Nilidhani macho yananidanganya. Nikaanika udongo mwingine, nikautwanga, nikaumimina kwenye ndoo, nikakoroga sana na kuuacha utulie. Rangi yote ikashuka chini pamoja na tope. Nikachota maji ya juu taratibu, nikayachuja kwa kitambaa na kuyachemsha. Yalikuwa meupe. Nilijaribu mchanga, haukufanya kitu. Nikajaribu udongo mweupe wa kupakia nyumba, ukachukua rangi kidogo tu. Ule wa bondeni peke yake ndio uliochukua yote.

Mama aliyatazama yale maji kwenye kikombe, akanywa, akasema, "Udongo huu una kiu kuliko sisi."

Niliwafundisha majirani, na habari zikamfikia mtia rangi. Akashuka mwenyewe, akasimama uani petu akitazama ndoo zangu.

"Si mnaona?" akasema. "Dawa mnayo. Mlikuwa mnanisumbua bure."

Mama alikuwa ndani, kitandani, mlango wazi. Alisikia kila neno. Aligeuza uso ukutani, na siku ile hakula.

Alifariki mvua za masika zilipoanza. Mtia rangi alikuja matangani. Alikaa na wanaume, akawasimulia habari za mjini, akacheka mpaka akajishika mbavu. Nilikuwa napita na chakula. Machozi yangu yalikauka papo hapo, na nikajua nitakachofanya.

Matanga yalipokwisha nilimwendea. "Waitu, nimebaki peke yangu. Naomba kazi."

Alifurahi sana. Alinipa kazi ya kukoroga mapipa, na kila mgeni alipokuja alinionyesha kwa kidole: "Huyu nyumbani kwao walinichukia. Sasa amekuja mwenyewe." Nilitabasamu. Nilijifunza kazi yake yote, tangu kupima unga hadi kuanika. Nilikuwa na subira kama ya paka.

Siku yangu ikafika alipopata kazi kubwa kuliko zote, ukindu wa kupakiwa Kemondo. Yeye alitangulia bandarini kuzungumza na wenye mzigo. Mchana kweupe, jua la utosi, nilileta kikapu changu cha udongo uliotwangwa, nikaugawa katika kila pipa, nikakoroga mpaka mikono ikauma. Kisha nikatumbukiza ukindu wake, mafungu kwa mafungu.

Uliponyanyuliwa ulikuwa na rangi ya majani makavu yaliyokanyagwa. Aliporudi alishika kichwa. Akaongeza unga, akaongeza tena, akamaliza wote aliokuwa nao, na udongo ukaendelea kunywa. Mwishoni akalipindua pipa, akaona tope chini.

"Wamechanganya udongo kwenye rangi!" akapiga kelele. "Yule mwenye duka ameniuzia udongo!"

"Watu wa siku hizi, waitu," nikasema. Hakunishuku hata kidogo; kwake mimi nilikuwa yule aliyekuja mwenyewe.

Alikwenda Bukoba akiwa na hasira ya moto. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiislamu, mtu wa heshima, anayejulikana mji mzima. Mtia rangi akamwita mwizi mbele ya wateja wake. Mzee alifungua kopo jipya, akachukua unga kwa ncha ya kisu, akautia kwenye glasi ya maji, na wote wakaona rangi safi isiyo na chembe ya udongo. Kisha akamwambia atoke na asirudi. Wenye maduka wengine wakasikia, nao wakamfungia. Mtia rangi bila rangi atafanya nini? Wenye mzigo wa Kemondo wakatafuta mtu mwingine.

Nilimkuta siku anahama, mapipa yake matupu yakiviringishwa barabarani. Ningeweza kunyamaza, lakini nilitaka ajue. Nikamsogelea.

"Ule udongo haukutoka dukani. Nilikutilia mimi, kwa mkono huu."

Hakunipiga, ingawa nilikuwa nimejiandaa. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Kwa nini hamkuniambia mapema kwamba mmechukia hivyo?"

"Tulikuambia," nikasema. "Mama alikuambia, na alikuita waitu."

Akaondoka. Nilisikia baadaye kwamba analima kipande cha shamba la ndugu yake huko Kibeta. Chemchemi ilichukua mvua nyingi kujisafisha, lakini ilisafika. Asubuhi wanawake walipoteka maji meupe kwa mara ya kwanza walipiga vigelegele, na mmoja wao akasema Mungu ametenda. Nilijitwika mtungi wangu, nikawaacha waseme hivyo.