Mwana wa Wanawake Wawili

Jumanne ya juma lililopita nilikuwa Mlolongo ninakoishi, nimepanga mitungi yangu nyuma ya mitungi ya majirani nikisubiri lori la maji, simu ilipoingia kutoka Masii. Rafiki yangu mwalimu amefariki. Aliyepiga alikuwa binamu yake na wala hakuzunguka: presha ilipanda asubuhi, wakamkimbiza hospitalini, hakufika. Kisha akaongeza kwamba marehemu alikuwa amesema mimi ndiye nitakayeandika wasifu wake, kwa hivyo nisikawie, maana vijitabu vya mazishi vilitakiwa kuchapishwa Alhamisi. Niliiacha mitungi palepale nikapanda ngazi hadi chumbani. Nilihuzunika, ndiyo, lakini niseme kweli, niliogopa pia, kwa sababu nilijua alitaka wasifu wa namna gani.

Wasomaji wangu wa Ukambani hawahitaji kuelezwa iweto ni nini, ingawa baadhi yenu mtajifanya hamjui. Kwa wengine, ni hivi: mwanamke mjane ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume humposa msichana, humtolea mahari na kumleta nyumbani kwake. Watoto anaowazaa msichana huyo huitwa kwa jina la yule mzee aliyekwisha kuzikwa, mume wa mjane, na ardhi yake huwa yao. Siku hizi watu wa mjini wakilisikia jambo hili hucheka au hukunja nyuso, wakidhani ni kitu kingine. Wazee waliona tu kwamba boma halipaswi kufungwa. Kitanda hakizai haramu, na huku kwetu hata kitanda cha mume asiyekuwapo hakikuzaa haramu. Rafiki yangu alizaliwa hivyo. Alikuwa na mama aliyemzaa, na alikuwa na mwanamke aliyemwoa mama yake, ambaye yeye alimwita Susu kama watu wa huku wanavyomwita nyanya. Susu ndiye aliyemfundisha kushika jembe, kuomba kabla ya kula, na kusoma saa.

Alinisimulia kisa kimoja tukiwa Masii siku ya soko, tumeketi kwenye hoteli ndogo mbele ya sahani za muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe. Akiwa shule ya msingi, darasa lao liliambiwa liandike insha kuhusu baba. Wenzake waliandika juu ya makarani, madereva na walevi. Yeye aliandika juu ya Susu: kwamba ndiye aliyetoa mbuzi na ng'ombe ili mama yake aje, kwamba ndiye aliyekata kauli nyumbani. Mwalimu alimchapa mbele ya darasa kwa kuleta mzaha. Alipoambiwa aandike upya, alibuni mwanamume mrefu mwenye viatu vya kung'aa, anayefanya kazi ya reli na kurudi nyumbani kila mwisho wa mwezi na mkate. Insha hiyo ilisomwa kwenye paredi, wanafunzi wakampigia makofi. Mchana Susu akataka kujua kwa nini jirani anampongeza kwa kuwa na mjukuu hodari wa kuandika, akamsihi amsomee. Akakataa, akasema daftari limebaki shuleni. Rafiki yangu alikuwa na zaidi ya miaka hamsini alipokuwa akinisimulia, na aliisukuma sahani yake kando.

Nadhani alisomea historia kwa sababu hiyo. Lakini hata historia haikumwokoa. Kila mwaka alifundisha kidato cha kwanza mada ya mila na ndoa, na kila mwaka alipofika kwenye mstari unaosema mwanamke aliweza kumwoa mwanamke, darasa zima liliangua kicheko. Nilimuuliza huwa anafanya nini. Akanijibu kwamba hucheka nao, kisha anafuta ubao. Aliwahi kupata nafasi ya kufundisha chuo cha walimu mbali na nyumbani, akaikataa, kwa sababu mtoto wa iweto haondoki. Aliletwa duniani ili jina likae pale. "Nyinyi wengine mlizaliwa mkatafuta kazi," aliniambia. "Mimi nilizaliwa kazini." Siku hiyohiyo ya soko ndipo aliponitaka nimwahidi. Alisema miaka yote ameitwa mwana wa mtu ambaye hakuwahi kumwona, naye hana ugomvi na mtu huyo. Ila siku ya kumzika alitaka isomwe mara moja tu, mbele ya watu, kwamba alikuwa mwana wa wanawake wawili. Nikampa mkono.

Niliandika. Ilikuwa aya moja, na ninaamini ni aya nzuri kuliko yoyote niliyowahi kukuleteeni hapa. Alhamisi tulikutana mjini Machakos, kwenye duka la kuchapisha, mimi, binamu na binti wa marehemu aliyeolewa majuzi. Binamu alisema pasta hatakubali kusimama penye maneno kama hayo. Huyo ningeweza kumjibu. Binti ndiye aliyenishinda. Hakupaza sauti, alinivuta kando karibu na mashine. "Anko, watu wa bwanangu watakuwa hapo mbele," alisema. "Wataniuliza mimi ni wa ukoo gani, na mimi sina jibu watashika. Nakuomba hiyo paragrafu utoe." Alikuwa na macho ya baba yake, nayo yamevimba kwa kulia. Nikafikiri aliye hai ana haki kuliko aliyelala. Ninasema nilifikiri, lakini ukweli ni kwamba nilifurahi kupata sababu, maana hata mimi sikutaka kusimama na karatasi ile mbele ya umati. Mama mwenye duka akauliza aitoe yote au abakishe jina la Susu. Tukatazamana. Nikasema atoe yote. Nafasi iliyobaki waliijaza kwa picha ya mwalimu akiwa na joho la mahafali.

Tunapenda kujisifu kuwa tuna mila. Tunazitungia maswali ya mitihani, tunazichezea ngoma siku za wageni, tunawakaripia vijana kwamba wamezisahau. Mila hiyohiyo ikija na miguu yake ikaketi kwenye hema mstari wa mbele, tunatafuta namna ya kuifunika leso. Fasihi nayo imejaa vijana wanaomtafuta baba aliyepotea, na sisi wahakiki tunawaonea huruma. Sijasoma kisa cha mwana ambaye hakupotelewa na mtu yeyote, aliyelelewa akashiba, lakini kila aliyekutana naye akamtaka aonyeshe pengo.

Jumamosi nilisoma wasifu. Mwana wa marehemu mzee fulani, mume, baba, mwalimu, mzee wa kanisa. Watu walisema nimesoma vizuri. Tulipokwisha kumfukia, mama yake, yule aliyemzaa, alituma niitwe. Ni mkongwe sasa, na alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini, akitazama maua yanavyopangwa. Alinishika mkono akasema nami kwa Kikamba, polepole.

"Mwana wakwa, ulisoma vizuri. Lakini ulimsahau mwenye boma. Yule aliyenileta hapa."

Nikamwambia ni kweli, mama, nilisahau.

Akanipigapiga mkono kunifariji. Akasema nisijisumbue, kwamba hata yeye siku hizi husahau, na Susu hakuwa mtu wa kuweka kinyongo.

Nimekuwa nikiulizana na nafsi yangu tangu siku hiyo somo ni lipi, kwa kuwa nyinyi wasomaji wangu mmezoea niwape somo. Nadhani ni hili. Mtu akikuomba umseme jinsi alivyokuwa, hakuombi maneno matamu. Anakuomba uyavumilie macho ya watu kwa dakika moja, macho ambayo yeye ameyavumilia maisha yake yote. Dakika hiyo nilipewa, nikaikimbia, kisha nikamdanganya mama yake kaburi likiwa bado bichi. Leo nimeyaandika upya yaliyokuwa katika aya ile hapa mbele yenu, kwa ujasiri mwingi, na bado sikuthubutu kulitaja jina lake, wala jina halisi la Susu.