Kijani cha Muleba Si cha Bure

Mwezi uliopita, ndugu yangu, niliwapeleka wageni wa kazini kutembea Muleba. Mwongoza wageni, dada mchangamfu mwenye buti mpya, alisimama kilimani, ziwa likiwa chini yetu, akawaambia: "Huku mvua haitunyimi. Ndiyo maana kila kitu ni kijani. Asili imetupendelea." Wageni wakapiga picha. Mimi nilikasirika mpaka masikio yakawaka.

Asili gani? Nililelewa na Bibi kwenye kilima hicho hicho. Mvua ilikuwapo, na radi zake zilitukuta tukimenya matoke. Lakini udongo wetu ni maskini. Mvua ile ile ilinyesha rweya, kwenye mbuga ya nyasi nje ya kijiji, na huko hakukuota mgomba hata mmoja. Kibanja, shamba la migomba na mibuni linalozunguka nyumba, kilikuwa kijani kwa sababu tulikilisha. Tukitoka shule tulikwenda rweya kukata nyasi, tukazibeba kichwani zikituwasha shingo, tukazitandaza chini ya migomba. Bibi akaongeza samadi. "Kibanja kinakula kabla yenu," alitukemea tulipodai chakula kwanza.

Vita vya Uganda vikaisha, magendo yakashamiri, kisha ukaja UKIMWI, ugonjwa tuliouita Juliana, jina la mashati ya magendo ya wakati ule. Ulimchukua jirani yetu, mwalimu wa kwaya ya Kilutheri aliyetufundisha kuimba. Alizikwa kibanjani mwake, kama ilivyo desturi yetu. Mkewe akafuata. Mtoto wao akachukuliwa na ndugu wa Buhembe, nyumba ikafungwa. Mvua haikupungua hata tone, lakini bila mtu wa kubeba nyasi migomba ilinyong'onyea, ikaanguka, vichaka vikaingia.

Bibi, ambaye naye alikuwa amezika wanawe, alichungulia kule kila asubuhi kisha akatuharakisha rweya. Aliogopa. "Chetu kikilala namna ile, ukoo watakigawana. Nyie mtakula wapi?" Tulikata nyasi mpaka viganja vikachubuka. Kibanja chetu kilipona, nasi tukakua.

Basi dada wa buti akatushusha kwenye kijia, akaweka kidole mdomoni. "Sasa tunaingia msitu wa asili," akanong'ona. "Una ndege wa kila aina." Nikaitambua mibuni mizee iliyorefuka ovyo. Kilikuwa kibanja cha mwalimu wa kwaya.

"Huu si msitu," nilisema kwa sauti. "Hapa paliishi watu."

"Sawa, Mama, lakini sasa ni kivutio," akanijibu akitabasamu.

Mgeni mmoja alikuwa ameketi juu ya saruji yenye kuvu, anafunga kamba za viatu. Nikamwomba ainuke, nikamweleza amemkalia nani. Aliruka kwa aibu, maskini, na yeye simlaumu. Yule dada anamjua kila ndege wa pale kwa jina. La mwalimu hakulijua, na hakuniuliza.