Viazi Vilivyobaki Stoo

Juzi binti yangu alinionyesha kwenye simu picha ya mwamba mkubwa unaozunguka jua, mbali kupita Mars. Kando yake kulikuwa na mwingine mdogo sana. "Huo ni mwezi wake," akasema. Mimi niliona viazi viwili, na hapo hapo nikasikia harufu ya udongo mbichi wa shambani kule Dundori.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, nilikuwa nachambua viazi huko na Shosho, mamake mama. Vikubwa vilianguka guniani kwa kishindo, vikaenda soko. Vidogo tulivirudisha stoo, kwenye giza. Mama alikuwa ameenda kufanya kazi Olkaria akaniacha hapo, na nilidhani najua maana ya kubaki.

"Shosho, hivi vidogo vimekosa nini?"

Alicheka mpaka akakalia ndoo. "Hizo ni mbegu! Hizo ndizo haziuzwi."

Sikumwamini.

Binti yangu anasema huenda ule mwezi ni kipande kilichomeguka kutoka kwa mwamba mkubwa.

"Sasa mbona haujapotea?" nikamuuliza.

"Umeshikwa na ule mkubwa, mum. Mkono tu ndio hauonekani."