Mchoro wa Nne wa Kiwanja cha Dunda

Kile kiwanja cha Dunda, Bagamoyo, kilinichosha kuliko majengo yote makubwa niliyowahi kuchora. Kilikuwa kidogo, kinaanzia barabarani na kushuka upande wa baharini, hata mtu akisimama mwisho wake kichwa chake kinalingana na lami. Mwenyewe, bi mkubwa mmoja mjane wa mtaa huo huo, alitaka ofisi nne za kupangisha na vyoo viwili. Ofisi nne tu, na zilinila mwaka mzima.

Mchoro wa kwanza ulitaka kifusi kingi mno. Wa pili ulikuwa na ngazi ambazo bi mkubwa, kwa magoti yale, asingezipanda. Katika wa tatu nililigeuza jengo zima robo duara, likakingama mteremko, na kila kitu kikakaa. Wanawe wanaoishi Dar walikubali shingo upande. Mkubwa wao akanipigia simu kuniambia kwamba mchoro ukibadilika tena, kazi anapewa mtu wao wa mjini. Sikubishana, sikuwa na nguvu hizo. Lakini kazi niliitaka. Nimezaliwa mitaa miwili kutoka pale, na Bagamoyo sikuwa nimejenga hata ukuta mmoja.

Asubuhi fundi alipomaliza kufunga kamba kuonyesha vyumba vitakapokaa, bi mkubwa alikuja na kiti cha plastiki. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akataka aonyeshwe chumba kimoja kimoja. Tulipofika chooni aliuliza sinki la kukalia litaelekea wapi. Nikamwonyesha. Akakiweka kiti vile vile, akaketi, mikono magotini. Fundi akageukia pembeni, sijui kwa adabu au kuficha kicheko.

“Mwanangu,” alisema, “hapa nimeelekea wapi?”

Alikuwa ameelekea kaskazini. Kibla. Mtoto yeyote aliyekulia pale anajua choo hakijengwi hivyo, wala kwa kuupa mgongo upande huo. Mama yangu alinifundisha kabla sijajua kusoma. Mimi nilikuwa nimeutazama mteremko na maji machafu yatakavyoshuka, basi, na nilipoligeuza jengo vyoo viligeuka nalo. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Vyumba vile vilikuwa vyembamba, sinki lisingegeuka peke yake. Ilibidi upande wote wa chini uchorwe upya. Nilimweleza hivyo, naye akaitikia kwa kichwa taratibu, bado ameketi.

Simu yake ikaita. Alikuwa yule mwanawe mkubwa. Bi mkubwa hasikii vizuri, kwa hiyo huweka sauti ya nje, na sote tukamsikia akiuliza kama msingi umeanza kuchimbwa. Mama yake alinitazama kidogo.

“Bado,” alisema. “Mimi ndiye niliyebadili mawazo kuhusu vyoo. Nivumilieni, ndio uzee huu.”

Mwana akaanza. Kwamba anasumbua watu, kwamba hajui anachotaka, kwamba siku zote alimwambia amwachie yeye mambo haya. Alimkaripia kama mtu anayekaripia mtoto, na mama yake akawa anaitikia tu, haya baba, haya baba. Neno langu moja lingetosha kumnyamazisha. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenye ile simu, nikaanza kukunja mchoro.