Bi Kinyaa Apanda Baiskeli

Wifi yake ndiye aliyembandika jina la Bi Kinyaa, siku alipomkuta akiosha kikombe ambacho kilikuwa kimeoshwa tayari. Hakunywa kwenye glasi ya mtu, wala hakuketi kwenye kiti chenye joto la mwingine. Basi gari la kazini lilipouzwa, na kaka yake akamtolea baiskeli yake kuukuu stoo, alikitazama kile kiti kilichopasuka, kilichokaliwa miaka kumi, akakivisha mifuko mitatu ya plastiki.

"Wifi, unakwenda kazini au unafunga maiti?" aliuliza mke wa kaka.

Alikuwa muuzaji wa mezani katika duka la manukato, nafasi aliyoisotea miaka sita akiosha chupa uani. Sheria ya duka ilikuwa moja: muuzaji asinuke kitu, hata sabuni, asije akavuruga pua ya mteja. Kila asubuhi Bibi mwenye duka aliwapanga mstari, akawanusa shingo, makwapa na viganja. Ukinuka, siku hiyo unashinda uani na chupa. Ukinuka mara tatu kwa mwezi, huko ndiko kwako.

Siku ya kwanza ya baiskeli alinuka jasho. Bibi alirudisha kichwa nyuma kama mtu aliyefunua sufuria ya mchuzi uliochacha.

Siku ya pili aliendesha taratibu, asitoke jasho. Lakini baiskeli haikuwa na madigadi, yale mabati ya kukinga matope juu ya magurudumu. Fundi wa jirani alishamwambia, "Dada, nikufungie hili. La zamani, ila zima." Aliliangalia lile bati, limejaa grisi, na kwenye grisi zimenasa nywele za sijui mnyama gani. "Ahsante, hapana." Nyuma ya machinjio gurudumu likakanyaga maji ya mtaro, yakamrukia mgongoni hadi kisogoni. Uvundo aliuonja ulimini. Alibadilisha blauzi, akajimwagia ndoo mbili, wapi! Ulikuwa umeshalala kwenye nywele.

"Ya pili hiyo," alisema Bibi, kaziba pua.

Jioni akarudi kwa fundi kufungiwa lile bati, uso kaugeuzia ukutani.

"Dada, grisi haiumi."

"Haiumi, inashika."

Siku ya tatu machinjio aliyapita salama. Alipobakiza mwendo mfupi kufika dukani, cheni ikachomoka.

Alijaribu kuirudisha kwa kijiti, kijiti kikavunjika. Akajaribu kwa karatasi, ikachanika. Saa haikumsubiri. Akafumba macho, akatia vidole. Ilikuwa baridi, laini, yenye utelezi wa utumbo, na kila alipoikamata ilimtapikia weusi mwingine. Ilipokaa, mikono yake ilinuka kama gereji nzima.

"Sugua na jivu, mwanangu," alisema mama muuza chai kando ya barabara, akimsogezea jivu la jikoni kwake. "Jivu halina harufu."

"Na maji?"

"Hayo hapo kwenye karai. Mengine hayajaja."

Yalikuwa maji ya kusuuzia vikombe vya wapita njia. Majani ya chai yalielea, na ute wa midomo ya watu ishirini ulitanda juu kama utando wa maziwa. Alikunja blauzi hadi kwenye viwiko. Akatumbukiza mikono yote miwili hadi kwenye vifundo.

Dukani Bibi alimnusa shingo. Akanusa makwapa. Alipofika viganjani akasita.

"Na kucha hizi?"

"Nyeusi, Bibi. Lakini nusa."

Bibi alizinusa kumi zote, moja baada ya nyingine, pua yake yenye unyevunyevu ikimgusa ncha za vidole, naye Bi Kinyaa akakaza meno asiupokonye mkono.

"Hazinuki," Bibi alisema, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. "Nenda mezani."

Mteja wa kwanza alimnyooshea kifundo cha mkono, cha moto, kimelowa jasho la mtu asiyemjua. Alikishika kwa vidole vile vile, akadondosha tone la mafuta, akameza mate yake machungu.

"Karibu," alisema. "Subiri likauke kidogo, ndipo unuse."