Bunduki Mbili Kwenye Gari Moja

Mfanyabiashara wa mbao aliyenipa lifti siku ile alikuwa mtu mdogo mwenye gari kubwa; watu walimwita bosi. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nafundisha Mwese. Jino lilikuwa limenivimbisha shavu, hospitali iko Mpanda mjini, na gari siku hiyo lilikuwa lake tu. Isingekuwa jino, nisingelipanda.

Bunduki yake ilisimama katikati yetu, kitako sakafuni. Kila tulipoingia shimoni, mdomo wake ulinigeukia. Kaka yangu alikuwa askari, na alikuwa ameniambia mara nyingi kwamba silaha ikisafirishwa kwenye gari la mtu hutolewa risasi, hufungwa vizuri, na mwenyewe huwa na kibali chake.

"Ina risasi hiyo?" nikamuuliza.

"Mwalimu, bunduki isiyo na risasi ni mwiko wa ugali." Akacheka peke yake, muda mrefu, kama wanavyocheka watu waliozoea kuchekewa.

Mbele kidogo akampakia nyuma mkulima mmoja mzee aliyekuwa na gobole la kufukuzia nyani shambani. Mzee alikuwa amelitoa baruti na kulifunga ndani ya gunia. Anakwenda polisi kuhuisha kibali, alisema, akamwonyesha bosi karatasi yenyewe ndani ya nailoni.

"Panda, mzee wangu. Ukiwa na mimi nani atakugusa?"

Kwenye kizuizi cha kuingia mjini askari alimpigia bosi saluti. Bunduki iliyokuwa katikati yetu aliitazama kama anatazama mwavuli. Kisha akazunguka nyuma, akapapasa gunia.

"Shuka! Silaha kwenye gari la watu, nani kakuruhusu?"

Mzee akashuka, akatoa karatasi yake. Askari hakuisoma. Akamuuliza bosi kama anamfahamu mtu huyu.

"Simjui," bosi akasema, macho barabarani. "Kanidandia tu."

Mzee alimtazama bosi, halafu akayashusha macho kwenye viatu vyake. Nadhani alimwonea aibu. Mimi aibu sikuwa nayo. Nilitoa kichwa dirishani.

"Afande," nikasema kwa sauti, "hata huku mbele kuna bunduki. Tena ina risasi."

Watu waliokuwa wakisubiri kukaguliwa wakageuka. Askari hakuwa na pa kukwepea. Akaifungua bunduki, risasi ikamdondokea mkononi. Akaomba kibali. Bosi akapekua mifuko yote, hata ile ya shati isiyoingia kitu, jasho likimtoka. Kibali hakikuwepo.

Mngedhani alikamatwa. Thubutu! Askari alimrudishia bunduki kwa mikono miwili, akanong'ona, "Bosi, siku nyingine uitoe risasi." Lakini kwa kuwa watu walikuwa wanatazama, ikambidi amwachie na mzee pia.

"Nyie walimu mna midomo," bosi akaniambia. Akanishusha, akanitupia mfuko wangu chini, akaondoka.

Tulitembea na mzee hadi mtaa wa Nsemulwa, yeye kabeba gobole lake begani. Jua lilikuwa kali na shavu linanipwita. Aliniuliza kama bosi yule ni ndugu yangu.

"Mungu aniepushe," nikamjibu.

Kesho yake jino liling'olewa, na mzee akapata mhuri wake. Yule bosi nilikutana naye tena mara nyingi mtaa wa Majengo, pale mjini. Sikumwamkia hata siku moja.